Lenzi za Televisheni Kuukuu kama Zana ya Kufundishia

Katika shule zetu nyingi za msingi, picha iliyomo kitabuni ni mali ya mtoto aliyeketi karibu na kitabu. Mwalimu mwenye kitabu kimoja na wanafunzi themanini aghalabu hukiinua juu, hukizungusha huku na huku, kisha huuliza, "Mmeona?" Nao watoto, kwa adabu yao, huitikia kwa pamoja kwamba wameona. Wa madawati ya mbele wameona kweli. Waliosalia wameuona mkono wa mwalimu. Jambo hili nimelishuhudia mara nyingi nilipokuwa nikiwatembelea wanachuo katika mazoezi ya kufundisha hapa Tunduma, kule Vwawa na katika vijiji vya Momba. Mwanachuo huandika katika andalio lake la somo: "Zana: picha ya mbu." Zana ipo, lakini sehemu kubwa ya darasa haikuipata.

Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu, kama mfundishwavyo chuoni, ni mchoro mkubwa ubaoni au juu ya karatasi ya manila. Dawa hiyo ni nzuri wala siipingi. Lakini si kila mwalimu ni mchoraji, na kuna vitu ambavyo hata mchoraji hodari hawezi kuvitendea haki, kama vile mishipa iliyomo katika bawa la mdudu. Kwa hiyo napenda kuwaeleza njia nyingine ambayo nimekuwa nikiijaribu pamoja na wanachuo kwa miaka kadhaa: projekta iliyotengenezwa kwa mikono yetu, ambayo jicho lake ni lenzi iliyotolewa katika televisheni kuukuu ya projekta.

Yapasa kwanza nieleze televisheni hiyo ilikuwa kitu gani, maana wengi wenu mlizaliwa wakati ikitoweka. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1973, nayo yalikuwa ya rangi tangu mwanzo. Sisi wa Tanzania Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994. Katika miaka iliyofuata, wenye mabaa na kumbi za video walitafuta televisheni kubwa za kuwatosha watazamaji wa mpira. Kabla televisheni bapa hazijashuka bei, kubwa kuliko zote ilikuwa hiyo ya projekta: sanduku refu la kumfikia mtoto mabegani, ambalo mtu mmoja hakuweza kulihamisha. Umri wake haukuwa mrefu. Mitsubishi, kampuni kubwa ya mwisho kuendelea kuunda televisheni za ukoo huo, iliacha kazi hiyo mwaka 2012. Tarehe 31 Desemba ya mwaka huohuo mitambo ya analojia ilianza kuzimwa nchini mwetu, kwa kuanzia Dar es Salaam. Masanduku yakasukumwa uani. Moja nimelikuta hapa mjini likiwa kabati la vyombo, na jingine kuku walikuwa wakitagia ndani yake.

Ndani ya sanduku hilo hamna tyubu moja kubwa kama watu wanavyodhani. Mna tyubu tatu ndogo, kila moja ya inchi 7 hivi: ya kwanza hutoa mwanga mwekundu, ya pili wa kijani, ya tatu wa buluu. Mbele ya kila tyubu imefungwa lenzi nene yenye umbo la kopo. Lenzi hizo hurusha picha zao juu ya kioo cha kuakisi kilichoinamishwa nyuma ya sanduku. Kioo huzipeleka kwenye kiwambo cha mbele, na hapo picha tatu hulaliana zikawa moja yenye rangi zote. Kwa hiyo kila televisheni ya namna hii inayokufa huacha urithi wa lenzi tatu, kioo kimoja, na bamba la plastiki lenye mifuo midogo ya duara. Bamba hilo nalo ni lenzi, ya aina ambayo Mfaransa Augustin Fresnel aliistawisha katika miaka ya 1820 kwa ajili ya minara ya taa za baharini. Leo nazungumzia makopo matatu tu.

Fundi niliyemwendea ni mtu mzima, wa rika la baba yangu mdogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umeleta redio?"

Nilipomweleza haja yangu alicheka, kisha akaacha kucheka. "Macho nitakutolea," alisema, maana ndivyo anavyoziita lenzi zile. "Lakini watoto wako wasije hapa kunitazama."

Maneno hayo mzee yule hakuyasema kwa uchoyo. Tyubu za televisheni hizi hufanya kazi kwa umeme unaokaribia volti 30,000, na sehemu ya umeme huo huweza kubaki ndani hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Tyubu yenyewe haina hewa; ikipasuka, vigae vyake huruka kwa nguvu. Isitoshe, kati ya tyubu na lenzi huwa mna kimiminiko cha kupoza joto, ambacho kwa kawaida kina ethilini glaikoli, nayo ni sumu yenye ladha tamu. Mtoto mdogo au mbwa akiiramba anaweza kupoteza maisha. Kwa hiyo kulifungua sanduku ni kazi ya fundi peke yake, na hata yeye huliacha siku kadhaa bila umeme kabla ya kuligusa, kisha huondoa umeme uliobaki kwa namna aijuayo. Lenzi ya mwisho kabisa, ile inayogusana na kimiminiko, iachwe mahali pake. Lichukuliwe kopo la lenzi lililo mbele yake. Na mwalimu asiwaambie kamwe wanafunzi, "Nendeni mkatafute televisheni mbovu." Watoto ambao tayari huokota shaba na vyuma chakavu hawahitaji kutumwa mara mbili.

Huenda mtu akauliza kwa nini tuhangaike hivyo, na ilhali kioo cha kukuzia huuzwa dukani. Sababu ni mwanga. Lenzi yetu ina kipenyo cha sm 10 hivi, na kioo cha dukani aghalabu hakizidi sm 5. Eneo la duara hukua kwa kipeo cha pili cha kipenyo chake, kwa hiyo mdomo wa lenzi yetu hupokea mwanga mara 4. Katika darasa lisilo na giza kamili, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama watoto wataona picha au wataona doa la kijivu.

Sasa tuje kwenye kipimo, ambacho mwanachuo hana budi kukifahamu hata kama hatakifundisha. Umbali wa fokasi wa lenzi nyembamba hupimwa kwa urahisi: unaelekeza lenzi kwenye mti ulio mbali, unasogeza karatasi nyuma yake mpaka taswira ya mti iwe dhahiri, kisha unapima kutoka lenzi hadi karatasi. Lakini lenzi yetu ni kopo refu lenye vipande kadhaa ndani. Upimie wapi? Kutoka mdomo wa mbele, au wa nyuma? Wanachuo wangu walibishana juu ya jambo hili saa nzima, nami nikawaacha wabishane. Njia ya kuukwepa ugomvi huo ni hii. Chora mstari wa sm 1 juu ya plastiki inayopitisha mwanga. Lenzi ikae mahali pamoja bila kusogezwa. Sogeza kiwambo, na plastiki pia, mpaka taswira dhahiri ya mstari iwe na urefu wa sm 5. Tia alama sakafuni pale kiwambo kilipo. Rudisha kiwambo nyuma, urekebishe tena plastiki, mpaka taswira iwe sm 8. Tia alama ya pili. Umbali kati ya alama mbili, ukigawanywa kwa 3, ndio umbali wa fokasi, kwa kuwa kila ukuzaji unapoongezeka kwa 1, kiwambo hurudi nyuma kwa urefu wa fokasi moja kamili. Sisi tulipata sm 24 kati ya alama. Basi fokasi ya lenzi yetu ni sm 8.

Kutokana na hesabu hiyo mengine hufuata. Kukuza picha mara 8, kiwambo kiwe sm 72 kutoka katikati ya lenzi, na picha iwe sm 9 upande wa pili. Kukuza mara 20, kiwambo kiwe sm 168. Lakini kumbukeni kwamba mwanga huohuo mmoja hutandazwa juu ya eneo kubwa zaidi: mara 8 kwa upana na mara 8 kwa kimo ni mara 64, na ukikuza mara 20, ni mara 400. Hapo ndipo wanafunzi wa darasa la sita wanapoelewa vipeo vya pili bila kuchapwa.

Ile nafasi ya sm 9 kati ya picha na lenzi ni ndogo mno kwa picha ya kitabuni, maana ukurasa hauna mwanga wake wenyewe na taa haipati pa kupenya ili kuumulika kutoka mbele. Yanawezekana, lakini picha huwa hafifu, na mimi siwashauri. Lenzi hii inapenda picha inayopitisha mwanga, iliyomulikwa kutoka nyuma. Tulichukua maboksi mawili ya karatasi ngumu, moja likiteleza ndani ya jingine kama kiberiti. La mbele lilitobolewa tundu la lenzi. La nyuma likawa na dirisha la sm 10 kwa 8 la kupachikia picha. Nyuma ya dirisha tulibandika karatasi nyeupe nyembamba ya kutawanya mwanga, na nyuma ya karatasi ikawekwa taa ya LED ya volti 12 inayotumia betri ya sola. Msitumie balbu ya zamani yenye waya unaowaka: joto lake huunguza boksi, na vipande vingi vya lenzi hizi ni vya plastiki. Kiwambo ni shuka jeupe. Gharama kubwa kuliko zote ilikuwa taa.

Picha huchorwa kwa maka peni juu ya plastiki. Hapo ndipo somo lenyewe la mwanga linapoanza, kwa sababu kipande cha plastiki huweza kupachikwa dirishani kwa namna nne, na moja tu ndiyo iliyo sahihi. Msiwaambie wanafunzi ni ipi. Wape kila kikundi neno fupi, waache wajaribu. Katika shule moja hapa Tunduma kikundi kilichopewa neno MAMA kilipata AMAM, nacho kikastaajabu kwamba kila herufi imesimama sawasawa na bado neno limeharibika. Kikundi kingine kilijichagulia neno AMA, kikashikilia kwamba namna sahihi ni mbili. Kwa neno hilo walikuwa na haki, na mwanachuo aliyekuwa akifundisha alihitaji dakika nzima kugundua kwa nini. Mwishowe darasa lilifika penyewe kwenye kanuni: simama nyuma ya taa ukitazama kiwambo, shika plastiki isomeke, kisha ipindue juu chini bila kuigeuza upande wa pili. Mtoto mmoja akaenda kutazama kutoka nyuma ya shuka, akarudi akisema kwamba kule kanuni ni nyingine. Ndivyo ilivyo, na ndivyo televisheni ile ilivyofanya kazi, kwa kurusha picha nyuma ya kiwambo.

Mvua za kwanza zinapoanza, kumbikumbi hujaa chini ya kila taa na kuacha mabawa yao sakafuni. Bawa la kumbikumbi ni picha iliyokwisha kuchorwa. Halihitaji ufundi wowote. Lipachikwe kati ya vipande viwili vya kioo safi, lirushwe kwenye shuka, na mishipa yake yote huonekana kama ramani ya mito. Lakini zingatieni utaratibu. Kuna kisa kinachosimuliwa sana juu ya wanakijiji walioonyeshwa mbu mkubwa katika sinema ya afya, wakasema kwamba kwao hakuna mbu wa kimo hicho, hivyo hawana la kuogopa. Sijui kama kilitokea kweli. Najua kwamba mwalimu asiyeeleza ukuzaji anastahili kujibiwa hivyo. Kwa hiyo kila mtoto ashike kwanza bawa mkononi na alipime kwa rula. Kisha lirushwe, naye aende kiwamboni akapime taswira. Agawanye. Akipata 8, amejua kwamba mdudu hakukua, bali mwanga ndio uliotandazwa.

Katika somo la Jiografia, projekta hii ina faida ambayo chati haina: plastiki huweza kuwekwa juu ya plastiki. Tulichora ya kwanza ikiwa na mipaka ya Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, pamoja na wilaya zake za Ileje, Mbozi, Momba na Songwe. Ya pili ilikuwa na mito na Ziwa Rukwa. Ya tatu, barabara kuu na reli ya TAZARA zikielekea Tunduma na kuvuka kwenda Nakonde. Kwa ramani hiyo tuliondoa fumbo linalowachanganya hata watu wazima, kwamba kuna mito miwili iitwayo Songwe: mmoja huingia Ziwa Rukwa, na mwingine, ulio mpakani na Malawi, huingia Ziwa Nyasa. Mwanachuo alipoweka plastiki ya mito juu ya ile ya mipaka, darasa liliguna. Miaka yote walikuwa wamefikiri ni mto mmoja unaotiririka pande mbili.

Kurusha picha kwa taa si jambo geni katika sehemu hizi za Afrika. Daktari Livingstone alibeba taa ya picha katika safari yake ya kuvuka bara, na mwaka 1854, katika nchi ambayo leo ni Zambia, alimwonyesha mtawala Shinte na watu wake picha ya Ibrahimu akimwinulia mwanawe kisu. Kwa maelezo yake mwenyewe, picha ilipokuwa ikiondolewa kisu kilionekana kuwajia watazamaji, na wanawake wakakimbia. Baadaye, kati ya 1935 na 1937, lilifanyika jaribio la sinema za elimu lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Leslie Notcutt, lenye makao Vugiri katika milima ya Usambara. Zilitengenezwa filamu 35, zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasa. Filamu hizo zilihusu mambo ya maana, kama safura na kuweka akiba posta. Hata hivyo, katika mambo hayo yote mawili taa ilikuwa mikononi mwa mgeni, na watazamaji walikaa upande mmoja tu wa mwanga. Mimi hudai kwamba katika shule zetu kila mtoto apitishwe nyuma ya taa, atie mkono wake mbele ya dirisha, asogeze boksi mpaka picha ififie na irudi. Wanachuo wengine huona kwamba kufanya hivyo kunapoteza muda wa kipindi. Ni kweli kunakula dakika kumi na tano. Mwanachuo asiyekuwa tayari kuzitoa ni afadhali achore ubaoni.

Wapo pia wanaouliza kwa nini tusitumie projekta ya kisasa, au simu. Shule iliyo nazo, pamoja na umeme wa kuziendesha, na izitumie. Sioni fahari yoyote katika uhaba. Lakini projekta ya dukani haifunguki mbele ya watoto, na njia ya mwanga ndani yake haionekani.

Zipo kasoro ambazo mwalimu yampasa kuzijua kabla ya wanafunzi kumwonyesha. Pembezoni mwa picha mistari huwa na ukingo wa rangi, mwekundu huku na wa buluu kule, kwa sababu kila lenzi katika televisheni ilihudumia rangi moja tu, na mtengenezaji hakuwa na haja ya kuifunza kukusanya rangi zote mahali pamoja. Huo ni mlango mzuri wa kuingilia somo la upinde wa mvua. Tena, pembe za picha hufifia, kwa kuwa aghalabu lenzi hizi ziliundwa kuufuata uso wa tyubu uliopinda, si plastiki bapa. Mambo ya maana yachorwe katikati. Giza nalo ni tatizo katika madarasa yetu yenye madirisha yasiyo na vizuia mwanga. Tulishona magunia ya mahindi yakawa mapazia, na bado asubuhi ya kiangazi haitufai. Vipindi vya alasiri, upande wa jengo usiopigwa na jua, ndivyo vilivyofaulu.

Jambo moja sikulitarajia. Picha ikiwa kubwa vya kutosha, mwalimu hugundua ni nani asiyeona kweli. Katika darasa la nne la shule moja tulirusha herufi zenye kimo cha sm 20, na mvulana mmoja wa nyuma, ambaye katika daftari la mwalimu alikuwa ameandikwa "mzito", hakuweza kuzisoma hata moja. Aliposogezwa mbele alizisoma zote. Mwalimu wa darasa aliwaita wazazi siku hiyohiyo, wakashauriwa wampeleke hospitali akapimwe macho, naye akahamishiwa dawati la kwanza. Tangu hapo nimewaagiza wanachuo waanze kila mazoezi ya kufundisha kwa herufi hizo, kabla ya bawa na kabla ya ramani.

Kuhusu utunzaji: lenzi hizi zikiachwa dirishani hukusanya jua na kuweza kuchoma karatasi au pazia, na mtoto akitazama jua kupitia kwao huharibu macho yake kabisa. Zifungwe mdomo kila zisipotumika. Vumbi lipulizwe au liondolewe kwa brashi laini, lisifutwe kwa kitambaa kikavu, maana plastiki hukwaruzika. Kati ya lenzi tatu tulizopata, moja imo katika projekta ya chuo, na ya pili tumeiazima shule ya jirani. Ya tatu imo stoo, ndani ya mfuko wa kitambaa cheusi. Mwanachuo anayeihitaji kwa mazoezi ya kufundisha aandike jina lake katika daftari la stoo, pamoja na somo atakalolifundisha na shule aendayo.